Kuosha Ukuta Bila Kuuchuna

Masika yakiisha Unguja, kuta za Mji Mkongwe huwa zimechafuka kwa namna tatu. Chini ya mlizamu mbovu kuna mchirizi mweusi unaoteremka mpaka barazani. Upande usiofikiwa na jua koga ya kijani imetanda. Karibu na msingi, lipu imetoa unga mweupe. Mwenye nyumba mwenye haraka ataona uchafu tu, atakodi mashine ya kuoshea magari, na jioni ukuta utakuwa umetakata. Fundi mzuri ataona mambo matatu yasiyofanana, na kila moja atalikabili kivyake.

Kinachonivutia kwa mafundi wa aina hii ni jinsi wanavyojua kutotumia nguvu. Kutazama kazi yao kunachosha mtu asiye na subira, maana sehemu kubwa ya siku fundi anaonekana hafanyi kitu.

Ili kuelewa kwa nini, lazima uujue ukuta wenyewe. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, kuta zikafikia unene wa nusu mita na zaidi, na dari zikabebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimelala ndani ya ukuta. Juu ya mawe ikapakwa lipu ya chokaa. Chokaa hiyo ilikuwa jiwe: ilichomwa tanurini ikapoteza hewa ya kaboni, ikazimwa kwa maji, na ilipopakwa ukutani ikaanza kuivuta tena hewa ile polepole mpaka ikarudi kuwa jiwe. Ni ngozi nyembamba inayopumua. Unyevu unaoingia ukutani hutoka kupitia hapo.

Sasa ielekezee mashine. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Mashine nyingi za kuoshea hutoa maji kwa bar 100 na kuendelea. Maji ya nguvu hiyo hung'oa koga pamoja na chokaa iliyoishikilia. Yanapenya kwenye nyufa, yanalainisha udongo uliofunga mawe, yanafika hata kwenye ncha za boriti. Ukuta utang'aa wiki hiyo, lakini uso wake umebaki na vishimo, na masika yajayo koga itapata mahali pazuri zaidi pa kukaa.

Fundi wetu huanza kwa mkono mtupu. Anapitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mwingi, chokaa imechoka. Anagonga kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu, sikio likiwa karibu. Panapolia kama pana uwazi ndani, lipu imeachana na jiwe, na maji hayapelekwi hapo mpaka pashikizwe. Kisha anadondosha maji kidogo. Yakinywewa mara moja, chokaa inapumua. Yakiteremka bila kuacha alama, kuna mtu aliyewahi kupaka saruji au rangi ya mafuta, na huenda unyevu umefungiwa ndani.

Unga mweupe wa chini ni chumvi, na dawa yake ya kwanza ni brashi kavu. Fundi anaifagia taratibu, ametandika turubai chini ili isirudi ardhini. Ukiimwagia maji inayeyuka, inarudi ndani ya lipu, na ukuta ukikauka inajijenga tena kuwa chembe ngumu zinazoisukuma lipu kutoka nyuma. Kwa hiyo hapa anayefika na ndoo ndiye anayeharibu.

Mchirizi mweusi nao haumshughulishi ulipo. Anapanda ngazi kwanza kuutazama mlizamu. Mlizamu usipotengenezwa, atakayeosha leo ataosha tena mwakani, na kila mara atapunguza chokaa.

Koga ndiyo hasa inayohitaji maji. Chombo chake ni bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani, ncha ikilegezwa mpaka maji yatoke ukungu. Anaanzia chini, jambo linalomshangaza kila anayeona mara ya kwanza. Sababu ni kwamba maji machafu yakiteremka juu ya ukuta mkavu hunywewa pamoja na uchafu wake na kuacha milia; ukuta uliokwisha kulowa hauna kiu tena. Akishalowesha anakaa. Mwenye nyumba akiuliza, "Fundi, mbona umetulia?" anajibiwa, "Nauacha unywe, mzee." Koga inavimba, inaachia. Ndipo brashi laini inapopita kwa miduara midogo, mkono ukiwa hauegemei. Kusuuza kwa mwisho hutoka juu kwenda chini.

Jicho lake wakati huo halipo ukutani, lipo kwenye maji yanayotiririka miguuni. Yakiwa ya kijani, kazi inakwenda. Yakianza kuwa meupe anaacha papo hapo, hata kama kivuli cha koga bado kinaonekana, kwa kuwa sasa anachoosha ni chokaa.

Kwenye nyumba ya saruji iliyopakwa rangi, Dar es Salaam au Mombasa, yapo mambo anayoweza kuyaruhusu. Maji ya klorini yale ya kung'arishia nguo nyeupe, yakizimuliwa mpaka asilimia 1 hivi na kuachwa dakika 10 hadi 15 bila kukauka, huua koga vizuri. Kabla na baada ya hapo mimea ya karibu humwagiwa maji tele. Klorini haichanganywi kamwe na asidi, maana hutoa gesi inayoweza kuua. Lakini kwenye chokaa ya kale anaiepuka, kwa sababu huacha chumvi nyuma yake. Maji ya betri hayataji kabisa: asidi ikigusa chokaa inatokota na kuila.

Wahifadhi wa majengo kwingineko wamefika palepale. Mwaka 1979 idara ya hifadhi za taifa ya Marekani ilichapisha mwongozo mzima wa kuonya dhidi ya kusafisha majengo ya kale kwa kuyapiga mchanga, na kanuni zake zinataka itumike njia ya upole kuliko zote zinazofaa. Ulaya, masizi yaliyoganda kwenye mawe ya chokaa hulainishwa kwa ukungu wa maji baridi unaonyunyizwa kwa saa nyingi. Huko nako, muda ndio unaofanya kazi.

Ukuta ukikauka, hupakwa chokaa mpya, nyepesi, tabaka juu ya tabaka, baada ya kuloweshwa kidogo na jua likiwa limepungua ukali. Chokaa mbichi ni kali kiasi kwamba koga haiwezi kuota juu yake, kwa hiyo rangi yenyewe ni dawa.

Fundi wa namna hii hutoza siku nyingi kuliko mwenye mashine, na ni haki yake. Unapomtafuta, usiulize ana vifaa gani. Muulize ataanzia wapi, na ni dalili gani itakayomfanya aache. Akiomba kwanza ngazi ili akautazame mlizamu, mpe kazi.