Vitabu vya Kuteremka Navyo Pwani

Kila ifikapo likizo ndefu ya chuo, mimi hupanda kwanza kwetu Usangi, katika milima ya Upare wa Kaskazini, nikawaamkia wazee. Kisha baada ya siku chache huteremka Mwanga na kushika njia ya Same, Korogwe na Tanga mpaka Pangani, ambako nina jamaa wa kunipokea. Mwaka huu, jioni ya kuamkia safari, mzee mmoja wa ukoo alinikuta nimetandaza vitabu kumi na viwili juu ya jamvi, nikivipima kimoja kimoja kwa mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, huko uendako hakuna watu wa kuzungumza nao hata ubebe mzigo wote huo?" Nikajibu, "Wapo, baba; lakini nataka nikifika niwe na neno la kuwaambia." Akacheka, akasema, "Basi chukua vichache. Mwenye maneno mengi hasikilizi."

Shauri lile lilikuwa la haki, nami nikaazimu kuchukua vitatu tu. Lakini vitatu vipi? Swali hili laonekana dogo, ila nimeona kwa wanafunzi wangu kwamba ni kubwa. Kijana wa bara aendaye pwani kwa mara ya kwanza hufika na picha fulani moyoni mwake, na picha hiyo aliipata kitabuni. Ikiwa kitabu kilikuwa kibaya, hukaa pwani mwezi mzima akitafuta mambo yasiyokuwapo, na yaliyopo hayaoni.

Kuna desturi mbili za kuchagua vitabu vya likizo, na zote mbili sizikubali. Ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba likizo ni pumziko, na kitabu cha pumziko sharti kiwe chepesi, cha mapenzi au cha upelelezi, kisichomtaka msomaji afikiri. Sina ugomvi na vitabu hivyo kwa kuwa vina kazi yake. Lakini kitabu cha namna hiyo husomeka vile vile Usangi, Mwanza au Tabora, na mtu akisomea ufukweni huwa amebadili mahali pa kuketi tu. Desturi ya pili ni ya wale wachukuao vitabu vya wasafiri wa nchi za mbali, vilivyojaa minazi, karafuu, milango ya nakshi na machweo ya jua. Vitabu hivi husifu sana, na sifa zenyewe ndizo kosa lake. Maana mwandishi aliyepita Unguja juma moja huyaona majengo kuliko watu, na watu huwaona kama sehemu ya majengo. Mvuvi huwa pambo la bahari, wala hatuambiwi bei ya samaki wake.

Basi nilijiwekea vipimo vitatu. Kwanza, kitabu kiwe kimeandikwa kwa Kiswahili, au kimefasiriwa kwa Kiswahili kizuri, kwa sababu aendaye pwani anakwenda nyumbani kwa lugha hii. Pili, kiwe kazi ya mtu aliyeijua pwani kwa kuishi, si kwa kupita. Tatu, na hiki ndicho kizito, kimwoneshe msomaji wa bara mahali pake mwenyewe katika habari ya pwani. Kitabu kinachompa bahari lakini kikamwacha mgeni wa daima hakimfai.

Kitabu cha kwanza nilichokiinua ni Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kwa vipimo viwili vya kwanza hakina mpinzani. Mtoro aeleza uzazi, malezi, jando, harusi, kilimo, uvuvi, ngoma, pepo na safari za misafara kwa nathari iliyo wazi, isiyojikweza, ambayo mwandishi wa leo angeweza kuionea wivu. Hakisifu kitu wala hakilaumu. Asema watu hufanya hivi, kisha hufanya hivi. Hapana budi tukumbuke pia hali aliyokuwamo. Tangu mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, na mkusanyaji wa kazi yake alikuwa mtumishi wa dola iliyoitawala nchi yake. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Na walipojaribu kurejea Afrika ya Mashariki mwaka 1905, serikali ya kikoloni haikuwaachia kukaa pamoja katika nchi aliyozaliwa. Akarudi Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Yule aliyewafunza wasomaji wa dunia namna mgeni anavyopokewa Bagamoyo, yeye na mkewe walikataliwa kwao. Msomaji akilijua jambo hili, ule utulivu wa maneno yake humgusa kwa namna nyingine.

Lakini kwa kipimo cha tatu kitabu hiki kinauma, na hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika kurasa zake watu wa bara huitwa washenzi. Hilo lilikuwa neno la kawaida la pwani wakati ule kwa mtu asiyekuwa mwungwana wa mji, na Mtoro alilitumia pasipo chuki, kama mtu asemavyo mvua au jua. Miaka mingi darasani niliziruka kurasa hizo. Nilichagua za harusi na za uvuvi, nikawaambia wanafunzi kwamba nyingine si muhimu. Siku moja mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa milimani kama mimi, alikisoma kitabu chote peke yake, akaja kuniuliza: "Mwalimu, lugha unayotufundisha iliwaita babu zetu washenzi. Kwa nini hukutuambia?" Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa nikiilinda lugha isionekane na doa, na kwa kufanya hivyo nilimnyima kijana haki ya kuijua.

Tangu siku ile sikichukui kitabu cha Mtoro kwa kuficha, wala sikiachi kwa hasira. Nakichukua kizima. Neno lile laeleza jinsi mji wa pwani ulivyojiona kuliko lieelezavyo bara, na kwa kulisoma mahali pake twajua kwa nini mpaka leo mtu wa milimani husita kidogo kabla ya kufungua kinywa mbele ya mzee wa Pangani. Kitabu hiki kikawa cha kwanza katika vitatu.

Kitabu cha pili nilichokipima ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, uliopigwa chapa mwaka 1955 kwa matengenezo ya J. W. T. Allen, ambaye baadaye alikifasiri pia kitabu cha Mtoro kwa Kiingereza. Utenzi huu ni habari ya vita vya 1888 na 1889, vita ambavyo Abushiri bin Salim aliviongoza, na ambavyo kwake vilikwisha Pangani aliponyongwa Desemba 1889. Anayekwenda Pangani na asiujue utenzi huu ataona mji mdogo wa kimya kando ya mto, na nyumba kuukuu zinazobomoka. Aujuaye ataona mahali ambapo watu walikataa kutawaliwa. Jambo la kuhadhari ni moja: utenzi haukutungwa usomwe kimya kimya kwa macho. Wataka sauti. Akiusoma peke yake chumbani, kijana ataona ugumu wa maneno na kuchoka. Akimwomba mzee wa hapo amsomee, maneno mengi yatajieleza. Kwa sababu hiyo niliuacha nyumbani, maana najua Pangani nitaukuta vinywani mwa watu wanaousoma vizuri kunishinda. Si kila kitabu kizuri sharti kibebwe.

Shaaban Robert naye alinitia shakani. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akaingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akafa 1962. Na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni kitabu cha mtu wa pwani asiyeifanya pwani kuwa maonesho. Humo mna ndoa, msiba, kazi na wosia kwa watoto wake. Hali kadhalika Wasifu wa Siti binti Saad waonesha mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akauza vyungu, kisha sauti yake ikafika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Lakini vitabu hivi nimevisoma mara nyingi, na mtu hapaswi kusafiri na rafiki anayekubaliana naye kila mara. Mwanafunzi ambaye hajavisoma na avichukue kabla ya vyote.

Mahali pa pili nilimpa Adam Shafi kwa Kuli, kilichotoka mwaka 1979. Riwaya hii yamfuata Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini Unguja, mpaka mgomo wa 1948. Waweza kuitia ila: wakubwa wake mara nyingine ni wabaya mno, na mwandishi huwasemea watu wake maneno ambayo wangeweza kujisemea. Hata hivyo chamfaa mgeni kuliko kitabu chochote cha sifa, kwa kuwa chamwonesha bandari kwa mgongo wa aliyeubeba mzigo. Na kwa mtu wa Upare kina faida zaidi. Miaka mitatu kabla ya mgomo ule, mwaka 1945, wakulima wa milima yetu waliteremka Same kwa maelfu kuikataa kodi ya mbiru. Wachukuzi wa Unguja, ambao wengi walitoka bara, na wakulima wa Upare hawakupelekeana barua. Lakini walikuwa wakisema na serikali moja kwa neno moja. Msomaji wetu akikisoma Kuli ataona kwamba habari ya bandari si ya kigeni kwake.

Kitabu cha tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Wako wanaodhani kwa jina lake kwamba ni kitabu cha kuisifu pwani. Sivyo. Yusuf, kijana wa mji mdogo wa bara, achukuliwa kwa gari moshi mpaka pwani na tajiri ambaye amezoea kumwita mjomba. Kisha afahamu kwamba tajiri si mjomba wake, na kwamba yeye ni rehani ya deni la baba yake. Bustani ya tajiri ni nzuri, ina maji na matunda, lakini mlango wake una mwenyewe. Hapa kipimo cha tatu chatimia kuliko penginepo. Safari ya Yusuf ni safari yetu, ya kuteremka. Ila yeye aliteremshwa.

Jioni ile nilimsimulia mzee mwanzo wa habari hiyo. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Huyo mtoto alikuwapo na huku." Akanieleza kwamba katika njaa moja ya zamani, kabla yeye hajazaliwa, ukoo wetu ulimtoa msichana kwa watu wa misafara waliopita chini ya mlima, kwa kubadilisha na nafaka, kwa ahadi ya kumkomboa mavuno yakipatikana. Mavuno yalipatikana. Msichana hakuonekana tena. Jina lake analijua, nami sasa nalijua. Sikupata kuliona katika kitabu chochote.

Wengine watasema kwamba kusoma sana kabla ya safari huharibu macho, na kwamba ni heri mtu aende mtupu akaone mwenyewe. Sikubali. Hapana mtu aendaye mtupu. Asiyesoma huenda na uvumi, na uvumi ni kitabu kisicho na mwandishi wa kuulizwa. Ila nakubali nusu ya hoja: asisome vyote kabla. Na asome theluthi kabla ya kuondoka, theluthi akiwa huko, barazani, mahali ambapo mwenyeji anaweza kumwambia, "Hapo kitabu kimekosea." Theluthi iliyobaki aisome akisharudi, wakati anapojua maswali yake.

Tena arudipo milimani kuna kitabu kinachomngoja, nacho ni historia ya Wapare aliyoiandika Isaria Kimambo kwa Kiingereza mwaka 1969, kwa kuwasikiliza wazee wetu. Humo atawakuta wahunzi wa ukoo wa Washana wa Ugweno, watawala, na biashara iliyofika milimani kutoka pwani. Akiweka kitabu hicho kando ya kile cha Mtoro, atawasikia watu wawili wakieleza njia moja, mmoja kutoka juu na mmoja kutoka chini, na neno washenzi halitakuwa tena na uwezo wa kumnyamazisha.

Asubuhi nilifunga vitabu vitatu katika mkoba: Mtoro, Adam Shafi na Gurnah. Mzee alinisindikiza mpaka penye gari. Aliutazama mkoba, akaniuliza kama mle ndani pana daftari lisiloandikwa. Nikasema lipo. Akasema, "Pangani waulize kama yuko amjuaye." Nimeuliza katika baraza mbili mpaka sasa, na maneno haya nayaandika ningali huko.