Alama, Toleo na Uwezo: Maoni Kuhusu Tafsiri Moja

Tumeletewa na walimu wa Shinyanga tafsiri ya makala ya ufundi juu ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza katika Vita Kuu ya Pili. Kiswahili chake ni fasaha. Istilahi zake, hata hivyo, zinapotosha, na kwa kuwa walimu hao wanakusudia kuifundishia, hatuna budi kusema wazi.

Mfasiri ameandika “Alama ya 5” na “Alama ya 9”. Mwanafunzi atadhani ndege zimefanya mtihani! Neno linalofaa ni toleo. Toleo la V lilianza kazi mwaka 1941. Mwishoni mwa mwaka huohuo likazidiwa na Focke-Wulf 190 ya Wajerumani, na Toleo la IX likaingizwa vitani Julai 1942. Kwa macho ndege hizo ni kama mapacha, ila rafadha ya IX ina mapanga manne badala ya matatu. Tofauti hasa imo katika injini.

Hapo ndipo mfasiri alipoteleza zaidi. Mtambo wa kushindilia hewa ameuita “pampu ya upepo”, kana kwamba ni ya baiskeli. Angani juu hewa ni haba, na injini hukosa pumzi isiposhindiliwa. Mkulima wa Shinyanga ashindiliaye pamba guniani, au mchimbaji wa Geita aliyezoea kompresa, angelielewa jambo hili mara moja lau angeliambiwa hivyo. Injini ya V ilishindilia hewa kwa hatua moja, ya IX kwa hatua mbili. Kwa hiyo V ilifikia kilomita 595 hivi kwa saa kwenye kimo cha mita 6,000, na IX kilomita 655 hivi kwenye mita 7,600.

Herufi LF nazo amezifasiri “nyepesi”. Zahusu kimo, si uzito: ni ndege ya kupigania chini. Baadhi ya V zilipunguziwa gurudumu la kushindilia hewa, zikaongeza kasi karibu na ardhi na kudhoofika juu. Basi kuandika kwamba toleo jipya lina “utendaji bora”, bila kutaja kimo, ni kutosema kitu. Utendaji, kwa maoni yetu, tuwaachie watumishi wa ofisi. Ndege ina uwezo.

Kwa mtambo wenyewe twapendekeza kishindiliahewa. Mafundi wa migodi ya Geita wenye neno linalotumika kazini watuandikie kabla halijasanifiwa.