Elisabethville ya Maboi: Tahakiki ya Maandishi ya André Yav

Katika maelezo wapewayo wageni wafikao Lubumbashi, historia ya mji huanzia mwaka 1910. Ndipo reli kutoka Rhodesia ilipofika, Wabelgiji wakapima viwanja, na mji ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wao. Kisha mgeni huelekezwa kwenye kanisa kuu la matofali, mijakaranda ya kandokando ya njia, na bomba la moshi la kiwanda cha shaba karibu na kilima cheusi cha masalio ya tanuru. Hayo yote ni kweli. Lakini ni nani aliyewapikia waliopima viwanja hivyo? Ni nani aliyefua nguo zao na kulea watoto wao, ilhali makazi ya Waafrika yalitengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu ulioachwa makusudi?

Jibu limo katika maandishi ya mwaka 1965 yenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina laahidi msamiati. Yaliyomo ni historia. André Yav aliyakusanya kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, wale walioitwa maboi. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo.

Mwalimu aliyezoea Kiswahili sanifu atashtuka afunguapo ukurasa wa kwanza. Hiki ni Kiswahili cha Katanga, ambamo watu ni batu, mtoto ni mutoto, maji ni mayi, na Kifaransa hujipenyeza kila mahali. Zaidi ya hayo, maneno hukatwa pasipotarajiwa, na vituo havifuati mwisho wa sentensi. Wapo wenzetu wasemao kuwa lugha hii imevunjika na haifai kuingia darasani. Sisi hatukubaliani nao. Asomaye kimya atapotea, naam. Lakini asomaye kwa sauti ataona maneno yakijipanga na maana ikijitokeza, kwa sababu Yav aliandika kama msemaji asemavyo. Tena tukumbuke lugha hii ilivyokua. Misafara ilikuwa imekwisha kuleta Kiswahili katika nchi hiyo zama za Msiri wa Bunkeya, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kuuawa mwaka 1891. Baadaye kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ikakusanya vibarua kutoka Rhodesia, Kasai na Ruanda-Urundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Walijitengenezea Kiswahili cha kazini na cha mtaani bila kumngoja mwalimu yeyote, nacho ndicho kilichobaki kuwa lugha ya mji.

Utajiri wa maandishi haya umo katika mambo madogo ya kila siku: mshahara, posho, adhabu, na majina ambayo watumishi waliwabandika mabwana zao. Imo pia hofu ya batumbula, watu waliosemekana kuwateka Waafrika usiku. Wasomaji wa pwani watakumbuka habari za mumiani. Mwandishi hazisimulii habari hizo kwa kicheko. Kwake ni sehemu ya historia sawasawa na reli, na hapo ndipo tunapomwona kuwa mwanahistoria wa kweli wa mji wake.

Hatusemi kwamba kazi hii haina dosari. Habari za wafalme wa Ubelgiji hazilingani daima na nyaraka, na mwalimu asiitumie kufundishia tarehe. Atakaye kujua habari za tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipopigwa risasi uwanjani, na atafute pia kwingine. Tukio hilo lilichorwa miaka ya 1970 na Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeishi mjini humo na kumweleza Fabian picha zake kwa Kiswahili hikihiki.

Darasani tulijaribu njia moja. Wanafunzi walisoma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha wakauandika upya kwa Kiswahili sanifu. Kazi zao zilikuwa safi, ila takriban wote walikuwa wamelifuta neno boi na kuandika mtumishi wa nyumbani. Ikatubidi kuwaeleza kwamba neno hilo latokana na Kiingereza na maana yake ya asili ni mvulana, nalo liliitiwa hata mzee mwenye wajukuu. Walipoandika mara ya pili, wengi walilirudisha.