Fumbo na Mfumbuaji: Rod Serling na Bunilizi ya Kisayansi katika Televisheni

Mapenzi ya mtu kwa bunilizi ya kisayansi huchukuliwa na wahakiki wengi kuwa suala la hulka. Mtu aliyezama utotoni katika visa vya sayari za mbali na viumbe vya ajabu, na ambaye hakuviacha alipokomaa, huonekana kuwa ameukimbia ulimwengu halisi. Mtazamo huo umemwandama kwa muda mrefu Rod Serling (1924–1975), mwandishi na mtangazaji wa televisheni wa Marekani aliyebuni kipindi cha The Twilight Zone. Mtazamo wa pili humsifu kwa kuutumia utanzu huo kuwahadaa wadhibiti. Makala haya yanaunga mkono mtazamo wa pili, ila yanadai kwamba haujakamilika. Fumbo lililomkinga Serling lilimtoza gharama, na gharama hiyo hujidhihirisha katika nafasi isiyozingatiwa sana na wahakiki, yaani nafasi ya mtangazaji mwenyewe.

Serling alikulia Binghamton, katika jimbo la New York, akisoma majarida ya bei nafuu ya visa vya ajabu kama Amazing Stories na kusikiliza tamthilia za redio, hasa za Norman Corwin na Arch Oboler. Hata hivyo, alipata umaarufu kwa kazi za uhalisia. Patterns (1955) inahusu ukatili wa wakubwa katika kampuni. Requiem for a Heavyweight (1956) inahusu bondia aliyechakaa. Mapenzi yake ya utotoni yalikuwa yamewekwa kando. Kilichoyarudisha uwanjani hakikuwa hamu ya kukimbia maisha, kwani yalirudi pale uhalisia ulipozibwa mdomo.

Agosti 1955, Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14, aliuawa huko Mississippi. Wazungu wawili walioshtakiwa kwa mauaji hayo waliachiliwa na mahakama. Serling alitaka kuliandika tukio hilo. Katika Noon on Doomsday (1956) alikuwa tayari amelificha kwa kumfanya marehemu kuwa Myahudi mzee mwenye duka la rehani. Habari zilipoenea kwamba mchezo huo ulitokana na kisa cha Till, wadhamini waliingiwa na hofu. Mandhari yakahamishiwa New England, kaskazini kabisa, na marehemu akawa mgeni asiye na jina. Serling alijaribu tena katika A Town Has Turned to Dust (1958). Safari hii kisa kilirudishwa nyuma hadi karne ya 19 na marehemu akawa Mmeksiko. Hivyo udhibiti wa wadhamini haukukataza hadithi. Uliiruhusu, kisha ukamwondoa humo mtu aliyeuawa.

The Twilight Zone ilianza Oktoba 1959 na kumalizika mwaka 1964, ikiwa na michezo 156. Serling aliandika 92 kati ya hiyo. Siku chache kabla ya kuanza, alimweleza Mike Wallace katika mahojiano ya televisheni kwamba kipindi hicho kilikusudiwa kuburudisha na wala si kuhakiki jamii. Kauli hiyo inastahili kusomwa kama sehemu ya fumbo lenyewe. Miezi mitano baadaye, Machi 1960, ulionyeshwa The Monsters Are Due on Maple Street.

Katika mchezo huo, taa, simu na magari ya mtaa mmoja wenye utulivu yanazimika ghafla. Majirani wanaanza kushukiana. Mmoja wao anapigwa risasi gizani, na hatimaye mtaa mzima unageuka uwanja wa fujo. Viumbe wa sayari nyingine wanatazama tu kutoka mlimani, kwa kuwa kazi ya maangamizi imefanywa na wanadamu wenyewe. Istiara ya woga wa kisiasa wa Marekani ya miaka ya 1950 haihitaji kuelezwa zaidi. Linalohitaji kuelezwa ni chanzo cha shuku hiyo. Anayeipanda ni mtoto aliyesoma hadithi kuhusu viumbe wanaotanguliza wapelelezi wenye sura za watu. Mpenzi wa visa vya kisayansi ndiye anayeupa umati lugha ya kumtafuta adui. Serling anauweka utanzu wake mwenyewe kizimbani, akionyesha kwamba ubunifu unaoweza kuficha ukweli usidhibitiwe unaweza pia kuuvisha uongo sura ya ukweli.

Ushahidi mwingine umo katika Time Enough at Last (1959), mchezo aliouandika kutokana na hadithi fupi ya Lynn Venable. Henry Bemis, karani wa benki anayependa vitabu kuliko kitu chochote, ananusurika vita vya nyuklia na kubaki na vitabu vyote na muda wote anaoutaka, kisha miwani yake inavunjika. Adhabu hiyo ni kali mno kwa mtu ambaye kosa lake ni kupenda kusoma. Lakini mchezo hauyalaani mapenzi hayo. Unakataa tu kuyafanya kimbilio. Mtu asiyekuwa na wenzake wa kusoma nao hana hata wa kumtengenezea miwani.

Gharama ya fumbo, basi, ni ipi? Serling alipata uhuru wa kusema, lakini aliyekuwa akisemewa alitoweka. Katika Maple Street, chuki haina rangi wala historia; ni udhaifu wa binadamu kwa jumla. Dhamira inayomhusu kila mtu haimshtaki mtu yeyote. Mtazamaji wa Mississippi angeweza kuutazama mchezo huo, akasikitishwa na ubaya wa wanadamu, kisha akalala usingizi.

Inaelekea Serling aliitambua hatari hiyo, na hapo ndipo nafasi ya mtangazaji inapopata uzito. Mwanzoni alisikika zaidi kwa sauti. Tangu msimu wa pili alisimama mbele ya kamera, akafungua kisa na kukifunga. Kama mtambaji wa ngano, aliivusha hadhira kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine na kuirejesha ikiwa na funzo. Mwishoni mwa Maple Street sauti yake inataja waziwazi kwamba chuki na shuku huua kama mabomu. Wapo wanaoliona hili kuwa kasoro ya kifani, kwa hoja kwamba kazi nzuri haijifafanui. Hoja hiyo inasahau mazingira ya utunzi. Aliyelazimishwa kufumba hana hakika kwamba atafumbuliwa, hivyo husimama karibu na fumbo lake ili lisipotee. Sauti ya mtangazaji ni kovu la udhibiti.

Msomaji wa Kenya anaweza kulipima jambo hili kwa Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mwandishi aliyewekwa kizuizini bila kuhukumiwa mwaka 1986. Dzombo anatupwa angani na utawala usiomtaka, akafika katika ulimwengu mwingine. Mkangi hakuhitaji mtangazaji wa kufunga kisa, kwa sababu ufumbuzi umo katika jina: wale ni sisi. Jina la ulimwengu huo wa mbali linamrudisha msomaji nyumbani kila linapotamkwa. Serling alilazimika kuifanya kazi hiyo kwa mwili na sauti yake.

Mwaka 1964, katika I Am the Night—Color Me Black, jua linakataa kuchomoza siku ambayo mtu anatarajiwa kunyongwa. Redio inatangaza kwamba giza limefika kwingineko, na miongoni mwa miji inayotajwa ni Birmingham na Dallas. Baada ya miaka mitano ya mafumbo, majina halisi yanarudi. Hata hivyo, anayenyongwa ni Mzungu. Nafasi ya Till ilibaki tupu.

Katika Night Gallery (1970–1973) Serling aliendelea kuwa mtangazaji, lakini mamlaka juu ya kipindi yalikuwa mikononi mwa wengine. Uso wake ulibaki kwenye skrini huku uamuzi wa nini kisemwe ukimtoka. Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili inaonyesha kwamba thamani ya mapenzi yake kwa bunilizi ya kisayansi haikutokana na sayari wala viumbe vyake. Ilitokana na haki ya anayefumba kubaki karibu na fumbo lake na kulifumbua. Uhakiki unaosifu ujanja wa fumbo pekee humsifu mwandishi kwa kuponyoka, na kusahau kuuliza ni nani aliyeachwa nyuma.