Mtutu Unaofunzwa Kulenga

Ukifika Msuka, kaskazini mwa Pemba, ukauliza mafundi ni akina nani, utatajiwa mchonga mitumbwi, mwashi wa mawe na chokaa, seremala wa milango na bibi anayesuka mkeka wa kudumu miaka. Fundi wa bunduki hatajwi. Kazi yake inanuka baruti, na baruti haijawahi kuja na habari njema peke yake, basi watu huona heri kunyamaza. Mimi nataka kumsifu, tena kwa kazi moja tu miongoni mwa kazi zake: kuichukua bunduki kuukuu ya mtutu mmoja, ile ya marisau, kuirudishia uhai, kisha kuigeuza iwe bunduki ya kuwindia yenye kutoa risasi moja inayokwenda pale ilipoelekezwa. Naisifu kwa kuwa inaitoa bahati pale ilipozoea kukaa, na kuweka dhima mahali pake.

Fundi mjuzi hashiki tupa siku ya kwanza. Hushika kitambaa na taa, akasoma. Chini ya mtutu, pale unapofichwa na ubao, bunduki nyingi za Ulaya zina mihuri: taji, herufi, tarakimu. Birmingham ina nyumba yake ya kujaribia mitutu tangu 1813, na Liège, Ubelgiji, nako kuna nyumba kama hiyo. Mtutu hujazwa shehena kali kuliko ya kawaida na kufyatuliwa. Ukistahimili, ndipo unapopigwa muhuri. Mtu wa Msuka hahitaji kuelezwa thamani ya alama ndogo. Katika magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ndani ya kibla, umechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414 wa Miladi. Jengo limeanguka, lakini tarakimu zile zinatosha kutuambia kwamba watu walisali hapa miongo mingi kabla ya merikebu za Wareno kuonekana katika pwani hii. Muhuri wa mtutu nao ni ushahidi wa namna hiyo. Humwambia fundi kama chuma hiki kilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani, yenye kusukuma polepole, au kwa baruti za kisasa. Asiyesoma muhuri hajui anamdai mzee huyu nguvu kiasi gani.

Hata kipimo cha bunduki hizi kina historia ndani yake. Ile inayoitwa namba 12, iliyozoeleka kuliko zote, haikupewa jina hilo kwa milimita. Ratili moja ya Kiingereza ya risasi ikiyeyushwa na kugawanywa katika tufe 12 zilizo sawa, tufe moja huingia barabara katika mtutu huo. Tundu lake linakaribia milimita 18 na nusu. Aliyetunga hesabu hiyo aliwaza kwa mizani, si kwa rula, na fundi wa leo anayepima tundu hilo kwa chombo cha kisasa bado anarithi mizani ile.

Kisha huja kutu. Pemba ni kisiwa cha chumvi. Kusi na kaskazi, pepo zote mbili hupita baharini kabla ya kuingia dirishani. Kutu ya juu hutoka kwa mafuta na subira. Ile iliyochimba haitoki ila kwa kula chuma chenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kila pito la msasa linapunguza unene wa ukuta uliowekwa na fundi aliyekwisha kufa, na unene huo haurudi. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kwenye mtutu, mwenye pupa hubaki na chuma kinachong'aa lakini kisichoaminika. Fundi mzuri huacha baadhi ya madoa ya uzee. Hafanyi hivyo kwa mapenzi ya vitu vya kale, bali kwa kuwa amepima akaona kwamba doa lile, likiondolewa, litaondoka na kitu cha maana zaidi.

Kwenye kitako mkono wa fundi hupata raha yake. Ubao ulioanikwa jua, ukanyeshewa na kulowa jasho la mabega ya watu wawili watatu huwa umepasuka karibu na chuma, maana hapo ndipo kishindo hupita kila bunduki inapolia. Ufa husafishwa mafuta ya zamani, gundi huingizwa mpaka chini, na ubao hubanwa kwa jiliwa hadi ukauke. Kilicholiwa kabisa huzibwa kwa kipande cha mti mwingine, na nyuzi za kiraka sharti zifuate nyuzi za ubao. Zikipingana, msimu wa mvua utamtangaza fundi kwa ubaya. Mwisho huja mafuta. Mafuta ya nazi, ambayo kwetu hutumika toka kwenye nywele hadi kwenye bawaba za mlango, hapa hayafai: hayakauki, hubaki juu yakikusanya vumbi. Mafuta ya kitani hunywewa na ubao na kukauka ndani yake. Hupakwa kidogo kidogo na kusuguliwa kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hungojewa.

Hadi hapo bunduki imerudi ilivyokuwa, na wengi wangetosheka. Kuigeuza ni jambo jingine kabisa.

Mtutu wa marisau ni laini kwa ndani. Punje hutoka pamoja na kuanza kuachana papo hapo. Zikifika hatua arobaini hivi, mtawanyiko wake, kama mdomo wa mtutu haukubanwa, umepita upana wa mita moja. Mwindaji wake hapigi nukta, hupiga eneo. Humo ndani ya eneo, bahati ndiyo inayochagua punje ipi impate nani. Mtutu wa risasi moja una mifereji iliyochongwa kwa ndani, inayopanda kwa kujipinda toka nyuma hadi mdomoni. Mifereji huikamata risasi na kuizungusha, na kinachozunguka kwa kasi hushikilia mwelekeo wake. Kila mtoto aliyewahi kucheza pia analijua hilo: ikizunguka husimama, ikichoka hulala. Mifereji hiyo ina kina kidogo mno, lakini ndiyo inayotenganisha chombo cha kutawanya na chombo cha kulenga.

Ugumu ni kwamba msukumo wa gesi katika bunduki ya risasi moja ya kisasa unaweza kuwa mara nne au tano ya ule wa marisau. Mtutu wa marisau ni mwembamba kwa sababu haukuombwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo fundi mwenye akili hauchongi mtutu wa zamani wala kuulazimisha uwe usichoweza. Njia ya kistaarabu ni kuuvika: mtutu mpya wenye mifereji, uliotengenezwa na kupimwa kiwandani, hukaa ndani ya ule mkongwe, na mkongwe ukawa ala. Hata hivyo bawaba na kifungo cha nyuma vinabaki vile vile vya zamani, na ndivyo vinavyopokea kishindo. Basi huchaguliwa risasi ya upole, yenye nguvu inayolingana na uzee wa mwili unaoibeba, na kazi nzima hurudishwa kwenye majaribio rasmi kabla bega la mtu halijaiegemea. Kazi hii ni ya karakana yenye leseni, kwa mwenye kibali, polisi wakijua. Sheria haikuwekwa hapo kumkomoa fundi. Kazi yenyewe haiwezi kuwa nzuri gizani, kwa kuwa nusu ya uzuri wake ni kukaguliwa.

Kugeuza bunduki si utundu wa leo. Mwaka 1866 jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki nyingi aina ya Enfield zilizojazwa kwa mdomo, na halikuzitupa. Kwa mtambo wa Mmarekani Jacob Snider, mitutu ilikatwa nyuma na kuwekewa mlango wa bawaba, nazo zikaanza kujazwa kwa nyuma. Baadaye Uingereza ilihamia kwenye bunduki ya Martini-Henry, na mtambo wa Martini nao ukaja kugeuzwa upande wa pili: kampuni ya Greener ya Birmingham ikautumia kutengeneza bunduki ya marisau ya mtutu mmoja. Kwa hiyo safari kati ya marisau na risasi imefanywa kwa pande zote mbili, na aliye mezani na tupa yake anaendeleza mazungumzo ya zamani.

Katika mwambao wetu mifereji ile iliwahi kuwa mpaka wa kisiasa. Karne ya 19 Unguja ilikuwa mlango mkuu wa silaha kwenda bara, na misafara ya pembe ilibeba magobori kwa maelfu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliofungua njia ya Unguja na Pemba kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini hati iliyozuia biashara ya silaha katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na 22 kusini yake. Silaha bora zilikatazwa, hasa zenye mifereji. Iliyoachwa iuzwe kwa ruhusa ilikuwa bunduki ya gumegume, laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Vita dhidi ya biashara ya watumwa vilitajwa kuwa sababu, na biashara hiyo ilistahili kupigwa vita. Lakini mgawanyo uliobaki ulisomeka wazi: Mzungu alenge, Mwafrika atawanye. Nikiutazama mtutu mkongwe ukivikwa mifereji, naiona na ile karatasi ya Brussels.

Pemba ina somo lake la kutawanya, nalo halikuandikwa Brussels. Popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, hapatikani kwingine duniani. Mchana hulala juu ya miti kwa mamia, ubavu kwa ubavu, na jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Watu walimwinda kwa ajili ya kitoweo tangu zamani kwa mitego, na popo wakabaki. Bunduki ya marisau ilipoelekezwa kwenye mti wa kulala, hesabu ikabadilika: mlio mmoja uliangusha wengi, ukajeruhi wengine waliokwenda kufia mbali, na waliobaki wakahama. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikadiriwa kubaki elfu chache tu, na mwaka 1996 wakaorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kilichowaokoa ni wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, waliounda vikundi vya kuilinda miti wanayolala, pamoja na makatazo ya uwindaji. Idadi ilipanda tena ikapita 20,000, na mwaka 2008 daraja la hatari likashushwa.

Hapo msomaji anaweza kuniambia: basi bunduki zote Pemba zigeuzwe, watu walenge. Siafiki, na fundi ninayemsifu naye hataafiki. Punje ya marisau huanguka ndani ya mita mia chache. Risasi moja iliyokosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Kisiwa kizima kina urefu wa kilomita 67 hivi, na rasi ya Kigomasha, ukitoka Msuka kwenda kwenye mnara wa taa, ni nyembamba. Kati ya mikarafuu na minazi kuna nyumba, kati ya nyumba kuna njia ya skuli, na kila njia ina mtu. Msitu wa Ngezi nao ni hifadhi. Chombo cha kulenga kinataka ardhi yenye nafasi ya kupokea makosa, nasi hatuna ardhi hiyo. Kina kwao: mapori ya bara, kwa mwindaji mwenye kibali, anayemtambua mnyama aliyeruhusiwa na kuona wazi kilichoko nyuma yake kabla hajagusa kifyatulio.

Ndipo inapoonekana kwamba ufundi huu haukai mkononi peke yake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na yuko mteja anayetaka kugeuziwa kila kitu kwa sababu tu kinaweza kugeuzwa. Fundi wa kweli huuliza itapigiwa wapi kabla ya kuuliza itapiga nini. Bunduki ya marisau humruhusu mtu asijue: asijue punje ipi imefika, imempata nani, imemwacha nani na jeraha. Iliyovikwa mifereji inamnyang'anya udhuru huo. Risasi ilikwenda pale ilipoelekezwa, na aliyeielekeza anajulikana. Anayekubali kuitengeneza silaha ya namna hiyo amekubali kwamba kosa litakuwa na mwenyewe, na kwamba huenda mwenyewe akawa ni yeye: kwa mtutu aliopunguza unene wa ukuta wake, kwa kifungo alichokiamini bila kukipima, kwa mteja aliyemkubalia.

Kwa hiyo akiletewa bunduki ya babu wa mtu hapa Msuka, iliyosajiliwa, yenye mihuri inayosomeka, mara nyingi jibu la haki litakuwa: tuirudishe hali yake, tusiigeuze. Akiletewa na mwindaji wa bara mwenye vibali vyake, jibu laweza kuwa: tuigeuze, kwa risasi ya upole, na tuipeleke ijaribiwe. Majibu mawili yanatoka katika ujuzi mmoja, na ujuzi huo ni haki kuutaja pamoja na ule wa mchonga mitumbwi na mwashi, watu wengine ambao kazi yao ikiwa mbovu kuna atakayelipa kwa roho yake.