Pongezi kwa Wanadi wa Samaki wa Bagamoyo

Apendaye kuujua mji wa Bagamoyo, uliokuwa makao makuu ya serikali ya Wadachi hata mwaka 1891, daraja hiyo ilipohamia Dar es Salaam, asianzie katika magofu ya Kaole, yasiyo na ulimi, bali ashuke pwani asubuhi, ngalawa zitiapo nanga, awasikilize wanadi wa samaki. Hao, kwa rai yangu, ndio makadhi wa soko: humwaga changu na kibua mafungu mafungu, na kwa sauti isiyokoma huipandisha bei mbele ya wakaangaji na wachuuzi wenye matenga, hata mmoja asalie na wengine waridhike. Chuo cha Mbegani hufundisha uvuvi, nayo ni elimu tukufu. Lakini ilimu ya kumuuza samaki kabla jua halijamharibu wanayo hawa, na ujira wao ni halali yao.