Ngazi Hazijaulizwa

Miaka kadhaa iliyopita karani wa utafiti mmoja wa kaya alifika nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama. Aliuliza wanalala wangapi, paa limeezekwa kwa nini, maji yanatoka wapi. Kisha akauliza: "Humu ndani kuna mlemavu?" Bibi akajibu hapana, bila kusita. Wakati huo alikuwa hatambui sura ya mtu mpaka mtu huyo aseme. Kisimani alikuwa ameshaacha kwenda. Mambo ya mkutano wa kijiji aliyapata kwa kusimuliwa. Baadaye nilimwuliza mbona alijibu vile, naye akanishangaa. "Mjukuu wangu, mlemavu yuko wapi hapa? Mimi ni uzee tu."

Bibi hakudanganya. Aliulizwa kama analikubali jina, akalikataa. Macho yake hayakuulizwa, na njia ya kwenda kwenye mkutano haikuulizwa kabisa. Karani akatia alama yake na kuondoka, na takwimu ya nchi ikawa imepungua mtu mmoja.

Tuangalie takwimu zenyewe. Sensa ya Tanzania ya 2002 ilipata kwamba watu wenye ulemavu ni takriban asilimia 2. Utafiti maalumu wa 2008 ukapata asilimia 7.8 ya watu wenye miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2012 ikatoa asilimia 9.3, na ya 2022 asilimia 11.2. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilishuka: mwaka 2009 walihesabiwa watu 1,330,312, sawa na asilimia 3.5, mwaka 2019 wakawa 916,692, asilimia 2.2 ya wenye miaka 5 na zaidi. Msomaji asiyejua yaliyo nyuma ya namba hizi angedhani Tanzania imepatwa na balaa na Kenya imeshushiwa uponyaji. Sivyo. Kwa sehemu kubwa, kilichobadilika ni sentensi zilizosomwa mlangoni, umri ulioanza kuhesabiwa, na mahali mstari ulipochorwa kati ya aliyemo na asiyemo.

Sentensi hizo zina historia fupi. Mwaka 2001, baada ya semina ya kimataifa jijini New York, Umoja wa Mataifa ulianzisha jopo la wanatakwimu kutoka nchi nyingi. Lilikutana mara ya kwanza Washington mwaka 2002, ndiyo maana hadi leo linaitwa Kundi la Washington. Kazi yake ilikuwa kupata maswali machache yanayoweza kuingia katika sensa ya nchi yoyote. Walitoka na maswali sita: kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukitumia shimesikio, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujihudumia, yaani kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha uliyoizoea, kuelewa na kueleweka. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa.

Ufundi wa maswali haya uko katika neno lisilokuwemo. Hakuna swali hata moja kati ya sita linalotaja ulemavu, na karani anafundishwa asilitaje hata anapoanzisha mada. Neno hilo likitajwa, mhojiwa huacha kuuchunguza mwili wake na kuanza kuchunguza heshima yake. Katika lugha yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: majina yote haya tumeyaweka katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya kiti na kisu, ingawa kwenye kitenzi tunarudi kusema "amekuja" kama kwa mtu yeyote. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, nalo jina hilo lilipiganiwa. Lakini mlangoni kwa bibi yangu sheria haikuwepo. Lilikuwepo neno tu, pamoja na yote ambayo majirani wangesema.

Ufundi wa pili uko katika yale majibu manne. Swali la ndiyo au hapana humlazimisha mhojiwa achore mstari mwenyewe, na kila mtu huchora pake. Mizani ya hatua nne humwachia aeleze hali yake, kisha mchambuzi huchora mstari ofisini, hadharani, akitaja ameuchora wapi. Mfano mzuri ni utafiti uliofanyika Zambia mwaka 2006. Ukihesabu kila aliyesema ana ugumu kiasi katika angalau jambo moja, unapata asilimia 14.5. Ukianzia ugumu mkubwa, unapata 8.5. Ukibakiza wasioweza kabisa, unabaki na 2.4. Ni watu walewale na majibu yaleyale. Kundi la Washington linapendekeza mstari uanzie ugumu mkubwa ili nchi zilinganishwe, na hapo ndipo Kenya ilipochora mwaka 2019. Mtu anayeweka asilimia 2.2 ya Kenya kando ya 11.2 ya Tanzania bila kutaja mstari wala umri anapotosha, hata kama namba zote mbili zimeandikwa sahihi.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana dodoso huandikwa Kiingereza ofisini na huulizwa Kiswahili kibarazani. Chukua swali la kusikia. "Huyu mtoto hasikii" ni lalamiko la kila mama, na mama huyo hasemi habari ya masikio. Anasema mtoto ni mkaidi. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Ukimwuliza mzazi kama mwanawe ana ugumu wa kusikia, unaweza kuletewa kesi ya utundu. Dawa yake si ngumu: taja sauti. "Ana ugumu wa kusikia sauti ya mtu anayezungumza naye?"

Neno "shida", ambalo wafasiri hulikimbilia kwa kuwa ni jepesi, lina mtego mwingine. Shida kwetu ni pia ufukara na uhitaji. Mtu akiulizwa "una shida ya kutembea?" anaweza kujibu kwamba nauli imepanda. "Ugumu" unakaa vizuri zaidi. Jibu la nne nalo lina kasoro ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha. Kwa Mswahili wa pwani "hawezi", ikisimama peke yake, maana yake anaumwa. "Fulani hawezi, amelala ndani." Karani akisoma haraka "au hawezi kabisa?", bibi wa Tanga au Lamu anaweza kusikia kwamba anaulizwa kama mtu huyo yuko mahututi. Kitenzi kirudiwe chote, hata kama dodoso litarefuka: "haoni kabisa", "hatembei kabisa".

Kisha kuna utangulizi unaosomwa kabla ya maswali sita, unaosema yanahusu ugumu unaotokana na tatizo la afya. Nia yake ni kumtenga anayeshindwa kutembea kwa kuwa hana viatu. Lakini wazee wetu hawahesabu uzee kuwa tatizo la afya. Haumwi, amezeeka. Bibi yangu angeulizwa maswali yote sita kwa utangulizi huo, bado angeweza kuponyoka. Ningeandika wazi: "iwe kwa maradhi, ajali, kuzaliwa hivyo, au umri." Najua wasimamizi wa takwimu hawapendi kuongeza neno katika swali la kimataifa, kwa hofu ya kuharibu ulinganisho. Lakini swali ambalo wazee hawajioni ndani yake limeshauharibu ulinganisho huo.

Swali la kukanusha lisikaribie dodoso kabisa. "Huna ugumu wa kuona?" Mswahili atajibu "ndiyo", akimaanisha ni kweli, sina. Karani aliyechoka ataandika kinyume.

Na uchovu huo si wa kubuni. Kaya ya watu saba ni maswali arobaini na mawili, tena baada ya mifugo, vyoo na simu. Karani hutazama kijana aliyesimama mlangoni, akaona ana miguu miwili na macho mawili, akajaza "hakuna ugumu" safu nzima. Au huyafupisha yote sita kuwa swali moja la zamani, lile lililoulizwa kwa bibi. Dodoso lililosanifiwa kwa miaka linakufa hapo, kwenye sekunde kumi. Anayesimamia utafiti anaweza kuligundua kwa kukagua muda ambao kila ukurasa ulikaa wazi kwenye kishikwambi. Majibu sita ya watu saba hayapatikani ndani ya nusu dakika. Ni ukaguzi usiohitaji fedha wala mtaalamu.

Yapo ambayo maswali sita hayayafikii. Sonona na wasiwasi uliopindukia hayamo. Ualbino haumo, ndiyo maana Tanzania na Kenya ziliuongeza zenyewe katika sensa zao. Watoto wadogo hayawafai. Kwao kuna maswali mengine, yaliyotolewa na UNICEF pamoja na Kundi hilo mwaka 2016.

Lakini pengo kubwa liko kwingine. Maswali sita hutambua nani yuko hatarini kuachwa nje. Nini kinamwacha nje, hayasemi. Ukilinganisha walioajiriwa wenye ugumu mkubwa na wasio nao, utaona tofauti. Hutajua kama imeletwa na ngazi za ofisi, daladala lisilosimama, au mwajiri aliyesoma barua ya maombi mpaka mstari uliotaja fimbo nyeupe.

Michael Oliver, mwanasosholojia Mwingereza aliyetumia kiti cha magurudumu tangu ujana wake, alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha 1990, The Politics of Disablement. Alichukua maswali ya utafiti wa serikali ya Uingereza wa miaka ya 1980 na kuyageuza moja baada ya jingine. Serikali ilitaka kujua ni maradhi gani yanayomfanya mtu ashindwe kushika na kufungua vitu. Oliver akauliza ni kasoro gani katika utengenezaji wa chupa na makopo inayomshinda mtu. Serikali iliuliza kama kutoelewana na watu kunatokana na masikio ya mhojiwa. Yeye akauliza kama kunatokana na wale watu kutojua kuwasiliana naye. Kila alipogeuza, kiima cha sentensi kilihama kutoka kwenye mwili kwenda kwenye kitu, ofisi au mtu mwingine. Alikuwa akionyesha kwamba mhojiwa anayesomewa ukurasa baada ya ukurasa wa maswali ya namna ya kwanza hutoka akiamini kosa ni lake.

Maswali ya Oliver, hata hivyo, hayafai kuulizwa yalivyo. Yanamwekea mhojiwa jibu mdomoni, upande wa pili. Waliofanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi ni ofisi ya takwimu ya Uingereza, katika utafiti wa fursa za maisha ulioanza mwaka 2009. Walichoamua ni hiki: waulize watu wote, wenye ulemavu na wasio nao, kuhusu kazi, masomo, usafiri, burudani na majengo, waulize kama wanashiriki kadiri wanavyotaka, kisha wape orodha ya vikwazo yenye gharama, muda, usafiri, mitazamo ya watu na pia hali ya mwili, wachague vyote vinavyowahusu. Kwa njia hiyo kikwazo kinachomzuia kila mtu hutengana na kile kinachowazuia baadhi. Utafiti unaowauliza vikwazo watu wenye ulemavu peke yao hauwezi kutenganisha hayo mawili, na ripoti yake itajaa ubovu wa barabara ambao unamchosha hata diwani.

Kwetu ningeanzia mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Nisingeuliza "je, unashiriki katika maendeleo?", maana hakuna atakayesema hapana. Ningeuliza: Mkutano wa mwisho ulipata habari zake? Ulikwenda? Kama hukwenda, ulitaka kwenda? Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Mtu aliyerudishwa na ngazi mara tano hujifunza kutotaka, na atakujibu kwa utulivu kwamba mambo hayo hayamhusu. Kwa hiyo asiyetaka asirukwe kama madodoso mengi yanavyofanya. Aulizwe kama aliwahi kwenda zamani, na nini kilibadilika. Aliyekwenda naye aulizwe: uliyasikia au kuyaelewa yaliyosemwa? Kulikuwa na mkalimani wa lugha ya alama? Ulipotaka kusema, ulipewa nafasi? Kuhudhuria na kushiriki ni mambo mawili, yasibanwe ndani ya swali moja. Karani, kabla hajaondoka kijijini, apite mahali pa mkutano, ahesabu ngazi, aangalie kama choo kinaingilika kwa kiti cha magurudumu. Ngazi haina haya ya majirani, wala haisemi ni uzee tu.

Nawaomba wanaoandaa madodoso wayafikishe kwa viziwi, wasioona, wazee na wazazi wa watoto wenye ulemavu yakiwa bado rasimu, yasomwe kwa sauti, na wasikilize jibu linapopotea njia. Na wewe msomaji, karani akifika kwako akauliza tu kama humo ndani kuna mlemavu, mkaribishe akae, umwombe akusomee maswali yote sita, kwa kila jina lililoandikwa, kuanzia la bibi.